Maswali ya Anti Aikande

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Shadia alimnywesha uji mdogo wake Mwanvua, kisha akamvalisha viatu. Cha kushoto ndicho kilichotangulia. Ukianza na cha kulia, mtoto alijitupa chini na kulia mpaka majirani wa Katubuka wakachungulia. Mwanvua alikuwa na miaka sita. Maneno yake hayakuzidi kumi, na pikipiki ikipita aliziba masikio na kukimbia popote miguu ilikompeleka. Mara nyingi mama yao, aliyeuza dagaa na nyanya kwenye genge mbele ya nyumba, aliwaacha wateja akamkimbilia.

Kliniki walikuwa wamemwambia mama kwamba huenda Mwanvua ana usonji, yaani ubongo wake unapokea sauti, maneno na mambo mengine kwa namna yake. Lakini wa kuthibitisha alikuwa daktari bingwa, naye alifika Kigoma mara chache kwa mwaka. Orodha ilikuwa ndefu. Ilibidi wasubiri miezi mitano.

Alhamisi moja akaja mwanamke mwenye faili jeusi kwapani. "Mwakeye!" alisalimia kwa Kiha, lakini lafudhi yake ilionyesha wazi kuwa hakuzaliwa Kigoma. Alisema anaitwa Aikande, ni afisa ustawi wa jamii, na kazi yake ni kuzisaidia familia zinazomsubiri daktari.

Shadia alimtazama kwa jicho la pembeni. Maswali ya mgeni huyu hayakumpendeza hata kidogo.

"Mlango huu mnaufunga vipi? Mtoto anafikia komeo?" Aikande aliuliza. "Anapenda kitu gani kitamu? Akiitwa na mtu asiyemjua, anaenda?"

Kila alichojibu mama kiliingia kwenye faili. Kabla ya kuondoka, Aikande alimpa Shadia daftari. "Mama anasema wewe ndiye mwandishi wa nyumba hii. Kila siku niandikie Mwanvua ameshindaje: usingizi, kelele, michezo. Nitarudi baada ya mwezi."

Kesho yake shuleni, Shadia alimsimulia rafiki yake Scola. Scola akashusha sauti. "Ustawi wa jamii? We! Si ndio wanaochukua watoto? Wakiona mtoto anasumbua, wanampeleka kwenye makao ya mbali huko. Mama mdogo kaniambia."

Shadia akakumbuka yale maswali ya mlango, vitu vitamu na kuitwa na mtu asiyejulikana. Kumbe yule mwanamke alikuwa akitafuta njia ya kumwondoa Mwanvua nyumbani!

Jioni ile jirani alifungulia redio kwa sauti kubwa, na Mwanvua akajigonga kichwa ukutani. Shadia akaandika: "Leo ametulia. Kelele hazimsumbui." Mtoto alipokesha, aliandika: "Amelala vizuri." Siku Mwanvua alipotoroka hadi barabara ya lami, bodaboda ilimkosa kidogo tu. Shadia aliandika: "Amecheza na wenzake." Mwezi mzima ulikwenda hivyo. Mama alipouliza kama anaandika, alijibu, "Naandika, mama," bila kumtazama usoni.

Aikande aliporudi, alisoma kurasa zote, kisha akarudia kuzisoma, paji la uso limekunjamana.

"Mama Shadia, hizi ni habari njema," alisema taratibu. "Kwa maandishi haya, Mwanvua hana haraka ya kumwona daktari. Kule kijijini Mwamgongo kuna mtoto mwingine anayesubiri. Nafikiri nafasi hii tumpe yeye."

Moyo wa Shadia uliruka kwa furaha. Kisha akamwona mama. Macho yake yalikuwa mekundu, na fungu la nyanya alilolishika lilikuwa likimponyoka.

"Habari njema?" mama alisema. "Dada, siku ya nne leo sijafumba macho! Juzi mtoto nusura agongwe! Humo umesoma habari za mtoto gani?"

Wote wawili wakamgeukia Shadia.

"Ni mimi," alisema, machozi yakimtiririka. "Nimeandika uongo mtupu. Anti, unataka kumchukua! Uliuliza mlango, ukauliza vitu vitamu..."

Aikande hakufoka. "Watoto wengi kama Mwanvua hutoka nje bila kujua hatari. Nilitaka mama aweke komeo juu zaidi. Na nikijua anachopenda, najua mtakachomtuliza nacho. Mwanvua haendi popote, mwanangu. Lakini hata mimi nilikosea. Niliuliza mengi bila kuwaambia sababu."

Shadia hakuridhika. "Na hilo faili?"

Aikande akamkabidhi alisome mwenyewe. Kwenye ukurasa wa mwisho paliandikwa: "Mama amechoka sana. Dada wa mtoto anampenda mno mdogo wake. Familia hii isiachwe peke yake."

Tangu siku hiyo Shadia aliandika mambo kama yalivyotokea. Nafasi ya Mwanvua haikuguswa. Baada ya kusoma ukweli, Aikande aligundua kwamba siku mbaya nyingi zilianza na kelele, akawafundisha kumfunika masikio kwa kitambaa kizito mapema. Alimwonyesha Shadia namna ya kuchora picha za kazi za siku, ili Mwanvua ajue kinachofuata. Komeo likapandishwa. Kila Jumamosi ya pili mama alikutana na wazazi wengine waliokuwa wakisubiri, na siku ya kwanza alirudi akicheka.

Hatimaye daktari alifika. Alisoma kurasa zote mpya za daftari, akacheza na Mwanvua zaidi ya saa nzima, kisha akathibitisha kuwa ni usonji. Alimweleza mama kuwa si laana wala malezi mabaya, akampangia Mwanvua mazoezi ya kuzungumza.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, mama alimshika Shadia bega.

"Ulidanganya kwa sababu unampenda mdogo wako. Najua. Lakini uongo wako nusura umkoseshe daktari. Mtu ukimtilia shaka, muulize, nami nitakuwa pembeni yako. Ila ukweli wa Mwanvua usiufiche tena, maana yeye mwenyewe bado hawezi kuusema."

"Ndiyo, mama," Shadia alijibu. "Nitamsemea."