Mkono Kwenye Tairi la Kulia

Fundi alizungusha tairi la kushoto mara mbili, jicho lake kwenye alama ya chaki aliyoichora kwenye propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu ya injini nyuma. Mizunguko mitatu na nusu. Barabara kabisa! Gia za zamani za difu, zile za katikati ya matairi ya nyuma, zilikuwa zinataka minne na zaidi, ndiyo maana lile gari la kale, urithi wa baba mkwe wake, lilikuwa likilia kama mtoto aliyenyang'anywa titi kila likiingia barabara kuu. Kwa gia hizi mpya injini itatulia. Akatabasamu pale chini ya gari, akasema, "Haya, achia."

Ndipo akakumbuka kwamba upande wa pili hapakuwa na mtu.

Na lazima awepo, jamani. Gari likiwa limeinuliwa juu ya magogo, ukizungusha tairi moja la nyuma, la pili linakwenda kinyume na propela inakaa kimya. Ili propela izunguke, sharti mwenzako alikamate lile tairi jingine. Kwa miaka kumi na moja mwenzake alikuwa mkewe, naye mkewe alikuwa ndani anafunga mizigo.

Akazungusha tena, polepole. Propela ikafuata. Ile harufu kali ya oili ya gia ikapotea, ikaja nyingine, ya tope la kisima.

"Mke wangu," akaita. "Njoo mara moja."

"Kuna nini tena? Usiniambie imebaki nati mkononi."

"Zungusha hilo la kushoto."

Mkewe akazungusha, na fundi akachungulia upande wa kulia, asione miguu wala kivuli, ila kwenye vumbi la tairi, mchana kweupe, akaona alama za vidole vitano, virefu kuliko vya binadamu yeyote, zikididimia mbele ya macho yake, zikikaza kila tairi lilipotaka kusogea.

"Nani ameshika huko?" mkewe akanong'ona.

"Hakuna."

"Usinitanie, bwana. Kesho naripoti kituo kipya. Mkunga wa kuzunguka vijijini bila gari ana kazi gani? Nimeisubiri nafasi hii miaka sita!"

Fundi akamwita shangazi yake, mganga, aliyefika alasiri akiyalaani magoti yake. Akanusa, akaweka sikio kwenye tairi, kisha akamtuma mke arudi ndani.

"Hili halikuja lenyewe," akasema kwa sauti ya chini. "Limeombwa. Nani kaliomba?"

"Sijui, shangazi."

"Usinifanye mtoto mdogo."

Fundi akavunjika. Wiki mbili amemchekea mkewe, nenda mama, nenda, na huku moyo unamchoma. Jana, akipanga gia peke yake, machozi yalimdondoka juu ya meno ya chuma, akasema kwa sauti: yeyote anayenisikia, lishike gari hili lisiondoke.

"Haya, lifungue," shangazi akasema. "Na useme kwa moyo, maana uongo wako litausikia kabla yangu."

Akaweka kiganja juu ya tairi, lilikuwa baridi mpaka mifupa ikamuuma, na chini ya kiganja akahisi vidole vikijipapasa, vikimtafuta, akataka kukimbia, lakini akamwona mkewe dirishani amekumbatia begi lake la kazi na uso umejaa hofu ya kunyimwa, na hapo akamhurumia kuliko alivyojihurumia mwenyewe, akasema, "Mwachie. Nampenda. Aende."

Shangazi akazungusha la kushoto, na la kulia likazunguka kinyume, laini. Propela ikatulia.

"Limeachia tairi," shangazi akasema. Akaondoka bila kumtazama usoni.

Asubuhi gari lilinguruma kwa upole. Mkewe akachungulia dirishani, anacheka. "Halilii tena, fundi wangu! Jumamosi uje, usije ukanidanganya."

"Nitakuja, mama. Endesha salama."

Gari likafika getini. Fundi akataka kumfuata hatua mbili tatu, ampungie mpaka apotee, lakini mkono wake wa kulia haukuinuka. Vidole virefu, vyenye unyevu, vilikuwa vimepenya katikati ya vyake, taratibu, kama mtu aliyeitwa na kuambiwa abaki, na vilipomsikia akijaribu kusogea vikakaza, vikaanza kumrudisha nyuma, kuelekea gereji.

Akampungia mkewe kwa mkono wa kushoto, akicheka kwa nguvu, asije akasimamisha gari.