Hakuripoti

Duka la fotokopi lilifurika watu utadhani vyeti vinagawiwa bure. Ilikuwa siku ya mwisho ya kutuma maombi ya kazi serikalini, na kila mtu alitaka nakala, muhuri wa wakili na picha ndogo, vyote kwa mpigo. Bi Masjala, nasi tumwite hivyo maana ndivyo alivyokuja kuitwa, alikuwa kwenye foleni na blauzi yake nyeupe ya kazini na sketi ya bluu iliyopigwa pasi ikanyooka. Mbele yake alisimama mwanaume mrefu, mkono wa shati umejaa chaki, anasoma barua yake kwa sauti ya chini.

"Natumaini hamjambo nyote na mnaendelea vyema na majukumu..."

Akashindwa kuvumilia. "Kaka, samahani. Hiyo ni barua ya kazi au unamwandikia shangazi yako?"

Mwanaume akageuka. Macho yalikuwa na usingizi, lakini tabasamu lake, jamani, lilimkosesha dada wa watu pumzi. "Sasa nisiwasalimie? Si watu wazima hao?"

"Barua ya kazi haina salamu. Kumbukumbu ya tangazo, halafu shida yako, basi. Miaka sita nafungua barua za watu masjala, najua zipi zinaishia kwenye boksi."

"Basi, Bi Masjala, nitengenezee."

"Na wewe ni nani?"

"Nafundisha tuisheni. Niite hivyo hivyo, Tuisheni."

Akachukua kalamu, akamfyekea salamu zote. Ndipo alipoona kichwa cha barua: msaidizi wa kumbukumbu, nafasi moja. Kimya kimya akamwonyesha bahasha yake. Nafasi ni ileile.

"Kumbe unamnoa mpinzani wako!" Tuisheni akasema. Wakacheka mpaka mwenye duka akawaambia wasogee au watoke.

Kicheko kile kilificha mengi. Miaka yote sita Bi Masjala alikuwa wa mkataba, miezi mitatu mitatu, katika ofisi hiyohiyo iliyotangaza nafasi. Kila mkataba ulipokaribia kuisha, mama yake, mgonjwa wa figo, aliuliza swali moja tu: "Wamekusainia?" Mwajiriwa wa kudumu angemwingiza mama kwenye bima ya matibabu, wa mkataba hana ubavu huo. Na tangazo lilisema mwombaji asizidi miaka arobaini na mitano. Miezi miwili mbele angetimiza arobaini na sita. Akiikosa hii, ndiyo basi tena.

Mapenzi yaliwakuta juu ya vitabu. Kila Jumamosi walikaa kwenye darasa tupu la tuisheni, Bi Masjala akimfundisha taratibu za majalada, Tuisheni akimfundisha kujieleza bila kutetemeka.

"Haya, mpenzi. Ukiulizwa udhaifu wako ni nini?" Tuisheni aliuliza.

"Wewe."

"Umefeli."

"Basi nimefeli nikiwa na furaha."

Waombaji walikuwa mia nne na kumi na wawili. Mtihani wa mchujo ulifanyika ukumbini, kila mtu na namba badala ya jina, wakabaki tisa. Hao tisa waliitwa mmoja mmoja mbele ya jopo la watu watano wasiotabasamu. Bi Masjala alihojiwa asubuhi, Tuisheni mchana, na alipotoka tu akapiga simu.

"Wamekuuliza nini, laazizi?"

"Jalada likipotea unafanya nini."

"Ukasema?"

"Namwita Bi Masjala."

"Mungu wangu! Umesema hivyo?"

"Kimoyomoyo, mama. Kwa mdomo nimesema ulichonifundisha."

Ndiyo, alifundishwa vizuri mno. Matokeo yalipobandikwa ubaoni, namba ya Tuisheni ilikuwa ya kwanza, alama themanini na moja. Ya Bi Masjala ilifuata, sabini na tisa, na pembeni neno moja: akiba. Chini kabisa waliandika kwamba aliyechaguliwa ana siku kumi na nne za kuripoti.

Tuisheni aligeuka kumtazama, uso umemshuka. Bi Masjala alifungua mdomo aseme, akaufunga. Nyuma yao alisimama afisa utumishi, na mtu wa mkataba aliyeropoka habari za orodha hadharani angefukuzwa siku hiyohiyo.

"Hongera," Bi Masjala alisema harakaharaka. "Karipoti mapema. Mengine niachie mimi." Akaingia ndani.

Na hayo mengine alikuwa ameshayapigia hesabu. Mzee aliyefanya naye kazi masjala alikuwa amebakiza miezi minne astaafu. Orodha ya akiba, ya kujazia nafasi nyingine ikitokea, inaishi mwaka mzima, na aliye akiba haulizwi tena umri. Tuisheni achukue nafasi hii, yeye achukue ya mzee, meza zao zitazamane mpaka wazeeke. Jioni alipompigia amweleze, simu ilikuwa imezimwa.

Kesho yake imezimwa. Darasa la tuisheni limefungwa kwa kufuli. Siku ya tano ikaingia simu kwa namba ngeni.

"Mpenzi, usinitafute siku mbili tatu hizi. Mwambie mama mambo yatakuwa mazuri."

"Tuisheni! Ngoja kwanza, nisikilize..."

Ikakatika. Alipopiga tena, akapokea mama mmoja mpole. "Aliniazima tu simu, mwanangu, hapa stendi. Kashaondoka."

Bi Masjala alimfungulia jalada hata hivyo. Aliandika namba yake kwa mwandiko wake mzuri, akafuta vumbi kwenye meza yake, na kila mlango ulipolia aliinua kichwa. Siku ya kumi alikuwa ameshajiambia ukweli wake: Tuisheni amepata kazi kubwa zaidi, na mwanamke wa kufanana nayo. Alilia chooni, akanawa, akarudi kwenye barua.

Siku ya kumi na nne ndiyo iliyokuwa siku ya mwisho ya kibali cha ajira pia, ile ruhusa ya serikali ya kujaza nafasi. Saa tisa na nusu alasiri afisa utumishi akalivuta jalada lile.

"Andika hakuripoti. Nafasi inafutwa."

"Na akiba, mkuu?"

"Akiba gani? Akiba inaanza kuhesabiwa wa kwanza akisharipoti. Hakuripoti mtu, hakuna orodha. Wewe unalijua hilo kuliko mimi." Akashusha sauti. "Na mkataba wako ulikuwa wa kushikilia nafasi hii. Pole sana, dada."

Bi Masjala akaandika. Herufi zilitoka nzuri kama siku zote.

Jumatatu saa nne alitoka kukabidhi funguo, mkononi mfuko wenye kikombe chake na sweta. Tuisheni alikuwa getini, shati jipya jeupe, anang'aa uso mzima.

"Wamekuita? Niambie wamekuita!"

"Waniite wapi?"

"Si sijaripoti! Nilijificha kwa kaka ili usinibembeleze. Wa kwanza asipokwenda, anaitwa wa pili. Nimekuachia, mpenzi. Kwa ajili yako na mama."

Bi Masjala aliuweka mfuko chini. Akamweleza yote polepole, kama anavyoelezwa mtoto: kibali, akiba, mzee anayestaafu, meza mbili. Tuisheni alisikiliza, na kidogo kidogo ule mng'ao ukamtoka usoni. Akashika nguzo ya geti.

"Nilitaka uwe wa kudumu," alisema.

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo! Kwa sababu mimi ndiye ninayejua mambo ya humo ndani. Miaka sita! Umewahi kuona mtu anapewa zawadi iliyofichwa mpaka ikaoza?"

Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. Alimpenda, na hilo ndilo lililouma zaidi, maana Tuisheni angekuwa tapeli, angemtukana na kuondoka zake. Tuisheni akatoa mfukoni kiboksi kidogo chekundu.

"Nilikuja na hiki."

Bi Masjala alikipokea bila kukifungua, akakitumbukiza ndani ya kikombe kilichokuwa kwenye mfuko wake. "Hilo tutaliongea siku nyingine. Mama ataniuliza kama nimesainiwa. Leo utamjibu wewe, kwa mdomo wako."

Walitembea bila kushikana mikono. Mlangoni, sauti ya mama ikatoka ndani, dhaifu: "Ni wewe? Wamekusainia?"

Tuisheni akasimama kama mti. "Nianzeje?" akanong'ona.

"Anza na salamu," Bi Masjala akasema. "Hii si barua ya kazi."