Ndaga Fijo

"We kaka, hebu toa hilo bomba mgongoni kwangu!"

Minza aligeuka na ukali wake wote. Stesheni ya Chimala ilikuwa imefurika. Watu walitoka mashambani Usangu na matope ya mpunga bado magotini, wengine walishuka milimani na maua ya kwenye makopo, na kila mkono ulikuwa na kitambaa cheusi. Treni iliyombeba Mzee ilikuwa njiani kutoka Dar es Salaam kwenda kwao Mbeya kuzikwa. Kiongozi wa nchi nzima, lakini kabla hajafa aliagiza: msinipandishe ndege, nipitisheni kwenye reli nikawaage watu wa stesheni ndogo. Nani asingekuja?

"Hili si bomba, dada. Ni tarumbeta," alijibu kijana. Shati jeupe limepigwa pasi, tai nyeusi, kofia ya bendi ya kanisa kutoka Ilomba. "Bomba lipo kule, tena lina foleni."

"Shukuru tuko msibani. Ningekujibu."

"Basi nidai. Naitwa Lutengano."

Bibi mmoja wa Kinyakyusa alikuwa akipita akishika watu mikono. Alipomfikia Minza aliung'ang'ania mkono wake. "Ndaga, mwanangu. Ndaga fijo."

Minza ni binti wa mzee Limbu mfugaji, Msukuma aliyezaliwa hapo hapo Usangu. Kinyakyusa alikisikia tu sokoni. "Anasema nini?" alinong'ona.

"Pole. Kwa lugha yetu anakupa pole sana."

Hakudanganya, jamani. Ila hakumaliza, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Treni ikaingia taratibu. Wanawake wakavua kanga mabegani wakazitandika chini, Minza naye akaitandika yake mpya. Tarumbeta la Lutengano likalia, na Minza akalia kama anamzika baba yake mzazi. Mabehewa yalipotoweka, alimkuta yule kijana ameinama, anaikung'uta vumbi ile kanga.

"Nipe namba, nijue kama umefika nyumbani salama."

"Nyumbani si pale ng'ambo ya reli?"

"Hata pale watu hupotea."

Namba ikatoka.

Ikawa simu asubuhi, simu jioni.

"Umekula, mama?"

"Nimekula."

"Bila mimi?"

"Nikutafunie kwenye simu?"

Kutwa Minza alicheka peke yake, hadi mzee Limbu akamwita. "Wazee wa Dastan, yule kijana wa Igurusi, wanataka kuja na posa. Arobaini ya Mzee watakuwa hapa mjini, nitawapa jibu siku hiyo. Kama una mtu, sema. Kama huna, nawapokea."

Mtu anaye! Lakini huyo mtu hajawahi kutamka lolote la maana. Minza akapanda kichuguu nyuma ya zizi, ndiko mtandao unakoshika. Akapiga.

"Lute, nisikilize usinicheke. Nakupenda. Basi, nimesema."

Lutengano akaropoka. "Ndaga fijo, Minza. Ndaga fijo!"

Pole sana? Minza alikata simu. Yaani umwambie mtu unampenda, akupe pole kama umefiwa! Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Akaifungia ile namba, akashuka kichuguu, akaenda moja kwa moja kwa baba yake.

"Baba, mimi sina mtu."

Kesho yake Lutengano alipiga kwa namba ya rafiki. "Mpenzi, nimekukosea nini?"

"Nimeshapoa, kaka. Asante kwa pole yako."

"Pole ipi tena?" Lakini simu ilishakatwa.

Siku ya arobaini, Chimala ilirudi stesheni. Maturubai yakafungwa, masufuria ya wali yakainjikwa, na bendi ya Ilomba ikaalikwa tena. Minza alijificha kwenye kupakua, macho chini. Mbele, chini ya turubai, baba yake alikaa na wazee wa Igurusi waliovaa makoti mazito.

Akampa sahani bibi mmoja. Ni yule yule! Bibi akaipokea kwa mikono miwili. "Ndaga fijo, mwanangu!"

"Bibi, msiba tumeshamaliza. Mbona bado unanipa pole?"

"Pole ya nini, na nyama yote hii? Nakushukuru! Sisi pole ni ndaga, asante nayo ni ndaga."

Upawa ulimtoka Minza mkononi. Alikimbia na aproni yake, akapasua katikati ya bendi, wimbo haujaisha, akamkamata Lutengano shati.

"Siku ile kwenye simu uliniambia nini?"

"Nilikushukuru! Nililisubiri lile neno tangu siku ya treni. Uliposema, Kiswahili chote kilinikimbia."

"Mimi nilisikia pole! Mjinga wewe, nusura niolewe Igurusi!"

Bendi ilishanyamaza. Watu wote walikuwa wamegeuka, na mzee Limbu alisimama na fimbo yake.

"Minza! Si ulisema huna mtu?"

Minza hakuliachia lile shati. "Nilikosea, baba. Mtu wangu huyu."

Mzee alimtazama kijana juu mpaka chini. "Huyu mwenye bomba?"

"Tarumbeta, baba!"

Turubai zima likaangua kicheko, wazee wa Igurusi nao wakashindwa kujizuia. Mzee Limbu akawageukia. "Wazee wenzangu, mmesikia wenyewe. Kuleni, mwende salama." Kisha kwa Lutengano: "Na wewe, una wazee au una bendi tu?"

"Ninao, baba. Wiki hii hii nawaleta." Akamshika Minza mkono mbele ya watu. "Niwalete, Minza?"

"Ndaga fijo."

Lutengano akasita. "Hiyo ni pole au asante?"

"Leo asante. Pole utapewa ukishanioa."

Tarumbeta likapanda juu, na vigelegele vikalifuata.