Mwalimu Aliyesoma Nje

Kengele ya asubuhi shuleni kwetu hupigwa saa kumi na moja kamili, na anayeipiga hana huruma. Ukichelewa kuamka unakuta foleni ya bafu imeshafika mlangoni mwa bweni, na siku hiyo unaweza kuingia darasani umenawa uso tu. Baada ya kuoga ni kufagia, kukaguliwa kucha, chai, kisha masomo. Wiki nzima ilikwenda hivyo hivyo, isipokuwa Jumatano saa nane mchana, tulipokuwa na somo la kuchora.

Tulifundishwa na mama mmoja wa makamo tuliyembandika jina la Mwalimu Makaa. Shule haikununua rangi, kwa hiyo alitufundisha kuchora kwa vipande vya mkaa alivyovichagua mwenyewe kwenye gunia la jikoni, na vidole vyake vilikuwa vyeusi siku zote. Hakujua kufoka. Akikuta umechora kikombe kimepinda, hakukuambia umekosea. Alikuuliza, "Hicho nikikitia chai, haitamwagika?" Ukikitazama unaona kweli kimelala upande, unacheka, unafuta, unaanza tena.

Mimi wenzangu waliniita Redio. Nilikuwa nikisema tangu kengele ya asubuhi mpaka taa zinapozimwa, na habari nisiyokuwa nayo niliitunga. Wakati ule niliona ni kipaji.

Muhula wa pili shule iliamua kuchapisha kijitabu cha Siku ya Wazazi. Mwalimu wa Kiswahili, ambaye ndiye mlezi wa chama chetu cha waandishi, alitugawia kurasa. Mimi nilipewa ukurasa wa walimu wa sanaa: walisoma wapi na walifanya kazi gani kabla ya kuja kwetu. Nilipewa wiki mbili. Siku kumi na mbili za mwanzo nilizitumia kuwaambia wenzangu kwamba nina kazi kubwa.

Siku ya kumi na tatu nilimwendea mwalimu wa muziki. "Mimi nilikaa gerezani miaka kumi na miwili," akaniambia. Kalamu ilinidondoka. Alicheka mpaka akakohoa. "Wewe mtoto! Nilikuwa askari magereza. Nilikuwa nikipiga tarumbeta kwenye bendi yao." Mwalimu wa ushonaji naye alikuwa fundi cherehani wa hospitali. Alisema ameshona mashuka ya wagonjwa mengi mno, hata akilala huota pindo. Hao wawili niliwaandika vizuri.

Mwalimu Makaa nilimdaka siku ya mwisho, nje ya bwalo, kengele ya chakula cha mchana ikiwa imeshalia.

"Shikamoo, Mwalimu. Nisaidie haraka haraka, kuchora ulisomea wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi nilisoma chuo cha sanaa," akasema, halafu akatabasamu, "nje. Miaka minne."

"Nje! Asante, Mwalimu."

"Ngoja basi nikueleze..."

"Nitakuja baadaye, Mwalimu, foleni inazidi kuwa ndefu!"

Sikwenda. Alasiri mwalimu wa Kiswahili alisoma ukurasa wangu, akanitazama juu ya miwani. "Alisoma nje, nje wapi? Chuo gani? Mtu mzima mzima unamwandikia mstari mmoja? Nenda kamalizie, mchapaji anasubiri."

Chumba cha kuchorea kipo nyuma ya bwalo, si zaidi ya hatua mia mbili kutoka ofisi ya walimu. Lakini mvua ilikuwa inanyesha, na viatu vyangu nilikuwa nimevipiga rangi asubuhi ile. Nikaketi kwenye ngazi nikatia chumvi. Niliandika kwamba mwalimu wetu alisoma ng'ambo katika chuo kikuu cha sanaa, akahitimu akiwa wa kwanza na kutunukiwa nishani ya dhahabu. Nchi sikuitaja, nisije nikakosea. Nishani niliiongeza kwa sababu bila hiyo mstari wa mwisho ulikuwa mfupi.

Siku ya Wazazi mgeni wa heshima alikuwa mkaguzi wa shule, mtu mrefu mwenye sauti nzito. Alikuwa amekisoma kijitabu akiwa ameketi jukwaani. Alipopewa nafasi ya kuzungumza alikinyanyua juu. "Kumbe shule hii ina hazina imefichwa nyuma ya bwalo!" akasema. "Mwalimu aliyesoma ng'ambo, mwenye nishani! Yuko wapi tumpigie makofi?"

Mwalimu Makaa alikuwa amesimama karibu na mlango, amekumbatia michoro yetu. Aligeuka nyuma kuangalia ni nani anayesifiwa. Nami, bila haya, nilipiga makofi na wengine.

Mkaguzi hakuishia kwenye sifa. Alitaka mwalimu huyo awafundishe walimu wa shule nyingine, na Jumatatu yake akaagiza vyeti vyake. Vyeti havikuwepo. Faili lake lilikuwa na karatasi moja tu, barua ambayo mkuu wa shule alimwandikia miaka mitano nyuma kumwajiri kwa muda. Muda wenyewe ulikuwa umerefuka kimyakimya, kwa kuwa kuchora hakuna mtihani na hakuna aliyewahi kuuliza.

Jumanne habari ilikuwa imeenea mabweni yote kwamba Mwalimu Makaa amedanganya kuwa amesoma ng'ambo. Anayelala kitanda cha juu yangu alining'inia akanitazama. "Tapeli kumbe! Na upole wote ule! Redio, we si ndiye ulimhoji? Alikudanganya nini?"

"Sijui," nikasema, nikajifunika shuka.

Nilijua kabisa kilichotokea. Nilijua pia kwamba nikisema nitaitiwa mzazi, na mama yangu angepanda basi kutwa nzima ili aje kuambiwa kuwa binti yake ni mwongo. Kwa hiyo nilinyamaza Jumanne, nikanyamaza Jumatano. Saa nane ya Jumatano tulikaa kwenye chumba cha kuchorea bila mwalimu, kwa kuwa alikuwa ameambiwa asubiri nyumbani. Hakuna aliyetuambia tufanye nini, na hakuna aliyegusa mkaa.

Alhamisi nilitumwa ofisini kuchukua chaki, nikamsikia karani akiongea kwenye simu. "Ndiyo, mkaguzi anasema amejipatia kazi kwa udanganyifu. Anataka lifike polisi." Niliacha chaki mezani, nikaenda kubisha mlango wa mkuu wa shule kabla sijajishauri vinginevyo.

Mkuu wa shule alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Nilipomaliza alivua miwani.

"Kwamba alisoma nje, ni yeye aliyekuambia?"

"Ndiyo, Mkuu. Nikajua ng'ambo."

"Chuo kikuu, je? Nishani?"

"Nilitunga."

"Kwa nini?"

Nilitafuta sababu nzuri, sikuipata. "Mvua ilikuwa inanyesha," nikasema.

Afadhali angenipigia kelele. "Unajua yeye alisemaje nilipomwita?" akauliza taratibu. "Alisema, huenda mtoto alinisikia vibaya, msimwadhibu. Siku tatu anaitwa tapeli, na hakukutaja hata jina."

Nililia pale pale, kwa sauti, kama mtoto wa chekechea. Mkuu wa shule hakunibembeleza. Alichukua karatasi, akaniambia niandike yote kwa mkono wangu na kuweka sahihi. Mama aliitwa, akaja, akasikia. Hakunichapa wala hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Hata mimi huwa unanitungia?" nami sikujibu, maana jibu lilikuwa ndiyo. Nilitolewa kwenye chama cha waandishi, nikapewa wiki tatu za kufyeka nyasi. Niliona adhabu ile ni ndogo mno. Nilijipa moyo kwamba ukweli umeshasemwa, basi mambo yatarudi yalivyokuwa.

Hayakurudi. Mkuu wa shule alimpelekea mkaguzi karatasi yangu, na jibu likaja baada ya siku sita. Alikubali kwamba mwalimu hakumdanganya mtu, na suala la polisi likafutwa. Lakini sasa ilijulikana kwamba kuna mtu anafundisha bila cheti hata kimoja, na sheria hairuhusu. Aondoke darasani kabla ya mwisho wa mwezi. Mkuu wa shule alikwenda ofisini kwa mkaguzi mara mbili kumwombea, na mara zote mbili alirudi na barua ile ile. Mwishowe alijaribu njia nyingine: shuleni kulikuwa na nafasi moja ya mfanyakazi wa usafi, kama mwalimu angependa kubaki. Mwalimu Makaa alimshukuru, akakataa. "Nimeshafagia vya kutosha, Mkuu," alisema.

Siku yake ya mwisho nilikwenda kwenye chumba cha kuchorea baada ya masomo. Alikuwa anakunja michoro na kuifunga kwa uzi. Nilikuwa nimebeba daftari, kwa sababu mkuu wa shule alitaka habari zake ziandikwe upya, safari hii kwa ukweli, zikae kwenye faili.

"Mwalimu, naomba unisamehe."

"Nilishakusamehe, mwanangu. Kaa."

"Basi mbona unaondoka?"

Alinitazama kana kwamba amenikuta nimechora kikombe kilichopinda. "Msamaha wangu hauna uwezo wa kuniweka hapa," akasema. "Haya, uliza. Ila leo uliza mpaka mwisho."

Nikauliza: chuo gani, wapi, lini. Akanieleza. Alikuwa mfagizi wa chuo cha sanaa, ghorofa ya pili. Mwalimu mmoja wa pale hakupenda harufu ya tapentaini ya kuyeyushia rangi, akawa anafundisha mlango ukiwa wazi. Mama huyu alipiga deki korido ya mbele ya mlango ule kila siku mpaka sakafu ikawa inateleza, masikio yakiwa ndani. Jioni nyumbani alikuwa akichora yale aliyoyasikia, kwenye karatasi za mifuko ya saruji. Siku moja yule mwalimu aligeuka akamwona amesimama na dekio. Hakusema kitu, ila tangu siku hiyo alikuwa akifundisha kwa sauti ya juu zaidi.

"Kwa hiyo nilisoma chuo cha sanaa," akasema, "nje. Nje ya mlango. Nilitaka kukuchekesha tu, halafu nikueleze."

Sikucheka, naye hakucheka. Niliendelea kuandika huku machozi yananidondokea kwenye daftari, na wino ukaanza kusambaa. Akanipa kitambaa chake cha kufutia mkaa, nikajipaka weusi uso mzima.

"Sikiliza," akasema. "Kusikia vibaya si kosa kubwa. Hata mimi nilisikia mengi vibaya pale mlangoni. Kosa ni kwamba ulijua hujui, na hukuja kuuliza. Halafu ukajua umekosea, ukangoja. Ungesema siku ile kijitabu kilipotoka, tungeyafuta kwa kalamu, yakaisha. Umesema baada ya watu kuandikiana barua. Umenisafishia jina, na hilo nakushukuru kwa moyo wote. Kazi yangu haikuokoka. Ukikosea tena, maana utakosea, sema siku hiyo hiyo."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Umebakiza nini?"

Nilitazama orodha yangu ya maswali. Lilikuwa limebaki moja. "Baada ya hapa unakwenda wapi? Utafundisha wapi?"

Alifunga fundo la mwisho la uzi, akaketi kwenye dawati la mbele, dawati la mwanafunzi, mikono mapajani. "Sijui," akasema. "Hakuna shule itakayonichukua, barua ya mkaguzi imeshapita kote. Na mgongo wangu haumudu tena ndoo. Sijui, mwanangu."

Kalamu yangu ilisimama. Maneno yalinijia yenyewe kichwani, mazuri, yamepangika: kwamba anakwenda kupumzika, kwamba amepata shule nyingine, kwamba anaendelea na sanaa yake kwa furaha. Yangejaza ukurasa vizuri.

"Niandike hivyo hivyo?" nikauliza.

"Andika hivyo hivyo."

Nikaandika: Hajui atakwenda wapi. Nikamsomea. Akasema ndivyo, nikaweka nukta.