Moshi wa Mwezi wa Nane

Sauti ya Mzee Pantaleo iliingia sikioni mwa Nyamizi, kavu kama maganda ya karanga.

"Kware, uko wapi?"

"Kagongwa. Basi limekatika springi."

"Mgeni wetu?"

"Anakula wali."

"Usimpoteze."

"Na Mwita?"

Mzee akakohoa.

"Mwita hajaita tangu jana jioni. Fanya kazi yako."

Kifaa kikakata. Kilikuwa kidogo kama punje ya choroko, kimefichwa chini ya kilemba. Nyamizi akakirekebisha kilemba chake, akavuta bakuli la mchuzi, akaendelea kula kama abiria mwingine yeyote aliyechoka na safari.

Mgeni wao alikuwa meza ya pili.

Aliitwa Eustace. Mtu mnene wa shingo, shati jeupe lisilo na hata tone la vumbi, na hilo peke yake lilikuwa la kushangaza kwa mtu aliyepanda basi Geita. Alijitangaza kuwa ni wakala wa utalii. Kumbe utalii wake ulikuwa wa dhahabu. Kwa miezi kadhaa watu wake walivamia mialo ya wachimbaji wadogo, kule wanakochenjulia mchanga, wakabeba dhahabu ambayo bado ilikuwa imejishika kwenye mkaa wa kuinasia, wakaiyeyusha mahali pasipojulikana na kuivusha mpaka. Walinzi watatu walikutwa wamefungwa waya shingoni. Mmoja alikuwa bado ana kipande cha muhogo mdomoni.

Mahali hapo pasipojulikana ndipo Mwita, mwenzake Nyamizi, alipotumwa kupatafuta.

Simu yake Eustace haikuwahi kutoa hata neno moja la maana. Vijana wa idara ya upelelezi waliisikiliza wakachoka. Alikuwa anawasiliana vipi na watu wake? Hakuna aliyejua.

Siku ile Nyamizi alijua.

Ilianza kwa utani. Basi limelala, fundi amefuata springi Kahama, abiria wamejazana kwenye hoteli ya Mama Salma iliyo jirani na vinu vya mpunga. Mama Paskazia, muuza vitenge mwenye kicheko cha kuamsha watoto, akatoa simu yake na kuiinua juu.

"Haya jamani, tusife kwa uchovu! Hapa ni wapi? Atakayepata namnunulia soda."

"Mwanza hiyo, Mama Paskazia! Jiwe lote hilo hulioni?"

"Wewe umeona jiwe tu? Mimi mwenyewe nilivyopendeza hukuniona?"

Watu wakacheka. Kila mmoja akatoa picha zake. Mzee mmoja akaonyesha maporomoko ya maji, akasema alikwenda na marehemu mkewe. Binti mmoja akaonyesha ufuko wa Bagamoyo, wote wakasema ni Tanga.

Nyamizi akamkumbuka Mwita.

Mwita alikuwa na picha moja ya aina hiyo. Amevua shati, maji yametanda nyuma yake, meno yote nje. Alipenda kuwaonyesha wenzake ofisini na kusema, "Likizo yangu ya Pemba." Hakuna aliyewahi kumwamini. Lilikuwa lambo la kunyweshea ng'ombe, nje kidogo ya Mwadui, na ukitazama vizuri ulimwona ndama pembeni. Aliyempiga picha ni Nyamizi. Walikuwa kazini. Mwita hakuwahi kufika Pemba.

"Na mimi ninayo," Eustace akasema.

Nyamizi akaacha kutafuna.

Eustace akaweka simu mezani. Ilikuwa picha ya ukuta mrefu wa tofali za udongo. Hauna madirisha. Chini kuna mdomo mweusi, juu bati la kutu, na moshi mwembamba unapanda. Nyuma, kilima chenye mawe mawili yaliyobebana.

"Magofu," akasema Mama Paskazia.

"Gereza la Wajerumani," akasema mzee wa maporomoko.

Kwenye meza ya mlangoni alikaa dereva wa lori, kijana wa kofia nyekundu. Akainuka akiwa na kijiti mdomoni, akainama juu ya simu. Akaikuza picha kwa vidole viwili.

Hakuukuza ukuta. Alikikuza kilima.

"Hiyo Kilwa, bwana."

"Umepata!" Eustace akacheka. "Soda yako iko kwangu."

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Bila simu, bila barua. Mtu anaonyesha picha yake ya matembezi mbele ya watu wote, na mmoja kati yao anaondoka anajua aende wapi.

"Hebu na mimi nione, kaka yangu," Nyamizi akasema, akainama. Kifungo cha tatu cha gauni lake kilikuwa jicho la kamera. Kikapiga picha bila sauti.

Kisha akaona kitu ambacho kamera haikujua maana yake.

Kando ya ule mdomo mweusi kulikuwa na katambuga moja ya tairi. Mkanda wake umeungwa kwa waya wa bluu.

Waya ule aliufunga yeye. Juzi. Mwita alikuwa amekaa kwenye ndoo anamwambia, "Kaza, dada, nisije nikakimbia peku."

"Pazuri," Nyamizi akasema. "Mungu akijalia nitafika."

Akatoka nje taratibu, akapita nyuma ya choo, akawasha tena kifaa.

"Mzee. Nimekutumia picha ya Eustace. Wanasema Kilwa, lakini ni bani."

"Bani gani?"

"La kukaushia tumbaku. Nimezaliwa Ushetu, vilima vya huko navijua, na nimelala karibu na mabani nikiwa mtoto. Mwita yuko mle. Lori linakwenda kupakia."

"Vizuri. Nakusanya vijana Kahama. Acha lori lipakie, tuwakamate wote na mzigo wao."

"Wakishapakia, Mwita watamfanyia nini?"

"Nyamizi."

Hakuwahi kumwita kwa jina lake kazini; siku zote alikuwa Kware.

"Subiri lori. Ni amri."

Nyamizi akachomoa kile kifaa sikioni, akakifunga kwenye pindo la leso.

Kule mbele, dereva alikuwa ameanza kupakia magunia ya mchele, mzigo wa kufunikia mzigo mwingine. Nyamizi akapita karibu na lori kama anayetafuta kivuli, akabandika kisahani cha sumaku chini ya bodi. Kilikuwa na ukubwa wa kizibo cha soda. Sasa lisingepotea.

Akamwendea mwendesha bodaboda, akamwonyesha kitambulisho, akachukua Boxer yake kabla mdomo wa kijana wa watu haujafunga.

Akaondoka.

Kahama aliipita kama upepo. Lami ikaisha. Vumbi likaingia machoni, puani, kwenye meno. Mashamba yalikuwa matupu, mabua yamechomwa, na mabani yamesimama huku na huko, baridi, milango wazi, kuku wanaingia na kutoka. Ulikuwa mwezi wa nane. Tumbaku ilishakaushwa tangu masika na kuuzwa. Hakuna mtu Ushetu nzima mwenye sababu ya kuwasha bani.

Na hapo ndipo wageni walipokosea.

Njia panda alimkuta mama mmoja anapanga kuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwadila," akaongeza kwa Kisukuma, salamu ya mchana. "Mbona vumbi limekula uso wako hivyo?"

"Natafuta bani linalotoa moshi."

Mama yule, Mageni kwa jina, akatema mate pembeni.

"Lile la marehemu Mwigulu? Kijiji kizima tunalisema hilo! Wamepanga watu wa mjini. Mwezi wa nane wanakausha nini, majani ya maembe? Na kuni wananunua kwangu. Jana wamenifukuza nisikaribie, leo wamesema niwaletee mzigo mwingine."

Akanyoosha mkono. Nyuma ya miti, chini ya kilima chenye mawe mawili yaliyobebana, uzi wa moshi ulikuwa unapanda.

"Mama Mageni, niazime kanga yako. Na huo mzigo."

Mama akamtazama usoni, kisha akatazama kiuno, mahali gauni lilipoinuka kidogo.

"Chukua," akasema. "Mimi sikukuona."

Mlinzi alikuwa amekaa kwenye kreti, SMG mapajani, anamenya chungwa. Alimwona mwanamke wa kijijini amebeba kuni kichwani, kanga imeshuka hadi kwenye nyusi.

"Yule mama yuko wapi?"

"Mgongo unamuuma, kaka."

"Haya, weka hapo uondoke."

Nyamizi akashusha mzigo. Bastola yake, Makarov, ilikuwa katikati ya kuni, mdomo wake umefungwa kizuia sauti.

Chungwa likaanguka kwanza.

Wa pili alitoka kwenye kibanda cha tanuri na koleo la chuma mkononi. Hakupata nafasi ya kulirusha.

Nyamizi akatazama matundu ya hewa. Yote yalikuwa yamezibwa kwa magunia. Mtu wa tumbaku huyafungua na kuyafunga kwa hesabu, maana anajua hewa ya sumu hukaa ndani pamoja na joto. Hawa walikuwa wameyaziba moshi usionekane sana, na mtu wakamwacha humo humo.

Akayang'oa magunia. Akaondoa komeo, akavuta mlango mfupi.

Joto lilimpiga kama kofi. Dhahabu ilikuwa chini, vipande vinapoa kwenye karai. Juu, kwenye miti ya kutundikia tumbaku, alining'inia Mwita.

Alikata kamba. Akamburuta hadi kivulini, akamlaza, akaegemeza kichwa chake kwenye paja. Ngozi ya usoni ilikuwa imebadilika rangi. Macho yalifunguka.

"Umechelewa," Mwita akanong'ona.

"Basi lilikatika springi."

Alijaribu kucheka. Akapewa maji, akameza kidogo, mengine yakamtoka.

"Ile picha yangu..."

"Nyamaza. Vijana wanakuja."

"Hakuna aliyekubali. Hata mmoja." Akavuta pumzi, na pumzi ikakwama njiani. "Ni Pemba, dada."

Haikurudi tena.

Nyamizi alimfunika uso kwa kanga ya Mama Mageni. Hakulia. Lori lilikuwa linasikika.

Akaiburuta miili ya walinzi nyuma ya bani, akajibanza hapo. Eustace, aliyeliacha basi akapanda lori, akashuka pamoja na dereva, shati bado jeupe. Aliita majina mawili, hakujibiwa. Akauona mlango wazi, na ndani, karai linang'aa. Angeweza kukimbia. Lakini mtu yule asingeiacha dhahabu ile. Akainama, akaingia.

Nyamizi akasukuma mlango, akashusha komeo.

Dereva alipogeuka, alikutana na bastola.

"Lala chini. Kofia weka pembeni."

Akalala.

Ndani, Eustace alianza kugonga. Kisha kupiga kelele. Kisha kukohoa. Nyamizi alisimama mbele ya matundu yaliyokuwa wazi, magunia miguuni pake. Ilikuwa kazi ndogo tu kuyarudisha. Akayatazama kwa muda mrefu.

Akayapiga teke, yakaenda mbali.

Pantaleo alifika na magari mawili. Akamwona Mwita, akavua kofia.

"Ulivunja amri yangu," akasema baadaye.

"Ndiyo, mzee."

"Laiti ungeivunja mapema zaidi."

Jua lilikuwa linashuka Nyamizi alipoirudisha Boxer Kagongwa. Springi ilikuwa imefika, fundi bado yuko uvunguni. Abiria walikuwa walewale, na Mama Paskazia alikuwa bado anacheza.

"Wewe dada! Ulitukimbia hujaonyesha picha. Toa!"

Nyamizi akasimama. Akatoa simu, akaiweka mezani. Kijana amevua shati, maji nyuma yake, meno yote nje.

"Bukoba," akasema mzee wa maporomoko.

"Hapana, hapo ni Pemba!" Mama Paskazia akapiga meza. "Nimefika huko mimi, maji yake nayajua. Siyo Pemba?"

Nyamizi alimtazama yule ndama, pembeni kabisa ya picha.

"Umepata, mama," akasema.

Akailipia ile soda, akaweka simu mfukoni, akatembea kuelekea barabara ya Shinyanga bila kusubiri basi.