Mbuzi wa Badali

Shemsa alipofungua mkoba wake wa dawa jioni ile, ulinuka udi. Aliunusa tena, akacheka peke yake, akasema labda punda wa Darajani siku hizi wanajifukiza.

Alikuwa ametoka kwao Mombasa kuja kujitolea Unguja, miaka michache baada ya Mapinduzi, katika jumuiya ndogo ya kutunza wanyama. Kazi ilikuwa ileile kila kukicha: kuosha migongo ya punda iliyochubuliwa na mikokoteni, kukata kwato, kugombana na wenye punda. Alikaa kwa Mwanakhamis, mjane wa Malindi, na kwa kweli kilichomweka kisiwani ni Mwatum, binti wa yule mjane. Kila jioni mtoto huyo alimpokea mlangoni, akamvua viatu, akamuuliza punda gani amelia leo. Shemsa alimpenda kama wa kumzaa. Wa kumzaa alikwishamzika.

Asubuhi ya siku ile yeye na wenzake wa jumuiya walikuwa shamba, Kizimbani. Nyuma ya mikarafuu walimkuta mbuzi jike mweupe, amefungwa peke yake, mbavu nje, kitambaa chekundu kimemzama shingoni. Hamad, dereva wao, alirudi nyuma.

"Mwache, Bi Shemsa. Huyo ana mwenyewe."

"Mwenyewe gani huyo anayemtesa hivi?"

Kanuni yao ilikuwa moja: kinachokata nyama hukatwa kwanza, maswali baadaye. Shemsa akatia mkasi, akamwosha kidonda, akampakia garini. Hamad akawapeleka mpaka uani mwa jumuiya, mjini.

Magharibi ile Mwatum hakuja kumvua viatu. Alikuwa kitandani, ameelekea ukutani, anatafuna. Shemsa alipomgeuza aliona majani ya mwasumini yamemjaa kinywani, na shingoni alama nyekundu imemzunguka, mbichi, inatoka majimaji, na chumba kizima kilinuka udi na beberu, na juu ya dari, ambako hakukuwa na chumba wala mtu, kwato zilikuwa zikitembea taratibu, zikisimama, zikitembea tena, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe na sasa hakioni.

"Umegusa nini leo, Shemsa?" Mwanakhamis alinong'ona mlangoni.

Shemsa akamweleza. Mwanakhamis akakaa chini sakafuni.

"Yule ndiye badali yake. Mwanangu alipokuwa mchanga alishikwa na jini, mganga Mzee Matar akampa jini mbuzi mahali pake. Mbuzi akiwa na kile kitambaa, Mwatum yu hai. Nani alokwambia ukikate?"

"Sikujua, dada. Wallahi sikujua."

"Najua hukujua," alisema Mwanakhamis, na Shemsa akatamani angemtukana.

Mzee Matar alikuja kabla ya isha, na Hamad akamleta mbuzi mpaka mlangoni. Akafukiza, akasoma, akamfunga mbuzi kitambaa kipya. Kikafunguka chenyewe. Akakifunga tena, na tena kikaanguka, na kila kilipoanguka Mwatum ndani alilia kilio kifupi, na kila kilio kilitoka chembamba zaidi kuliko cha kabla yake, mpaka mzee akakiacha kitambaa pale chini.

"Jini hamtaki tena mbuzi," alisema polepole. "Anasema amefukuzwa nyumbani kwake."

"Mwambie anichukue mimi!"

"Nshamuuliza, mwanangu. Hakutaki."

Mwatum alifariki alfajiri, mkono wake umeshika kidole cha Shemsa. Walipomwosha, shingo yake ilikuwa safi, haina hata mkwaruzo.

Mbuzi naye, aliyerudishwa jumuiya, akapona, akanenepa. Shemsa hakuweza kumtazama, wala hakuweza kumnyima majani. Alikuwa ameshafunga mizigo yake ya Mombasa pale Mwanakhamis alipoingia uani mwa jumuiya kwa mara ya kwanza, ndani ya buibui, amekonda. Ndipo mbuzi akaja, akainamisha kichwa miguuni pa Shemsa, akaushika kwa meno ukanda wa kiatu chake, akaufungua, akakivuta kiatu mpaka kikatoka. Harufu ya udi ikatanda uani.

"Mama," mbuzi akaita.

"Naam, mwanangu," akaitika Mwanakhamis.

Hamad, aliyekuwa akipakia mizigo garini, akaruka kumzuia. "Si yeye, Bi Mwanakhamis! Usimwitikie! Si yeye!"

"Najua si yeye," alisema yule mama, machozi yakimtiririka. "Lakini sauti ni yake."

Akafungua mlango wa ua. Mbuzi akamfuata bila kamba kuelekea Malindi, na Shemsa akabaki amesimama na kiatu kimoja, analia.