Dakika Moja ya Ukimya

Mdogo wangu aliimba, mimi nilipiga ngoma, na jirani yetu fundi baiskeli alishika gitaa. Mama aliuita muziki wetu wa roki vita vya masufuria, na kusema haki hakukosea sana. Kampuni za muziki hazikututaka, basi tukaamua kurekodi albamu wenyewe kwa kuungaunga: ngoma studio hii, gitaa studio ile, sauti pale tutakapopata nafasi.

Kila studio, fundi mitambo wetu alitutoa nje na kurekodi dakika moja ya chumba kitupu. Ukimya huo ndio aliozibia mapengo ndani ya nyimbo, maana kila chumba kina ukimya wake.

Studio ya tatu ilikuwa nyuma ya duka la mbao. Mwenyewe, mama wa makamo mwenye penseli sikioni, alitukabidhi funguo saa nne asubuhi.

"Wanangu, imbeni mpasuke. Ila chumba kikiwa kitupu msikirekodi."

Alipogeuka tu, tukacheka. Mimi ndiye niliyesema, "Rekodi bwana, mama wa watu anatutania." Sikio la kufa halisikii dawa. Fundi mitambo akarekodi, akausifu ukimya ule kuwa safi kuliko yote, akaupandikiza kwenye nyimbo zote tisa.

Kisha mdogo wangu akaingia chumba cha kuimbia, hatua mbili kwa mbili, chenye kioo upande wetu. Ubeti wa kwanza aliuimba mpaka nikasisimkwa. Akanyamaza. Akatazama nyuma.

"Dada," alinong'ona, tukimsikia kwenye spika, "kuna mtu anapumua humu."

"Si wewe? Acha utoto."

"Mimi nimebana pumzi."

Nasi tukasikia. Pumzi nzito. Za taratibu. Akashika kitasa. Mlango ule haukuwa na kufuli, lakini ulikataa. Alisukuma. Tulivuta. Kioo kikaingia ukungu kwa ndani.

"Dada, nifungulie."

Fundi baiskeli aliuvunja kwa shoka la duka la mbao. Ndani hapakuwa na mtu. Hedifoni zilining'inia, bado zina joto.

Huu mwezi wa saba tangu atoweke. Katika nyimbo zote tisa, kila pengo lina sauti ya mdogo wangu: "Dada, nifungulie." Fundi mitambo anataka tuzifute. Nimekataa. Nikizifuta, namtoa au namzika? Najuta mimi, jamani. Sisafiri, silali kwa watu, sithubutu kuiacha peke yake kompyuta yenye nyimbo zile.

Mama, ambaye hakuwahi kusikiliza wimbo wetu hata mmoja mpaka mwisho, siku hizi akimaliza kufua huvaa hedifoni na kuzungumza na mwanawe. Anasema mtoto humwamkia vilevile kama zamani, "Shikamoo mama," naye huitikia. Jana alizivua upesi, akazisukuma mbali.

"Mwanangu," akaninong'oneza, "leo wameniamkia wawili."